Meseji ya Donka

Wiki moja kabla mwaka wa kifo cha mkewe Donka haujatimia, Mincho Tsolov alibandika tangazo la kumbukumbu kwenye lango la nyumba yake mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kulibandika. Picha ya Donka ilikuwa juu, jina lake kwa herufi kubwa chini ya picha, kisha yale maneno wanayowekewa marehemu wote. Lango lenyewe lilikuwa mwisho wa kichochoro. Waliopita hapo walikuwa mbuzi wa jirani na mwanamke wa posta, na mbuzi walikuwa wameshaanza kulila upande wa chini.

Zamani tangazo kama hilo lilibandikwa popote. Lilikuwa kwenye nguzo za umeme, kwenye mlango wa duka, kwenye kituo cha basi, kwenye shina la mti mkubwa mbele ya kanisa. Mtu akienda kununua mkate alijua njiani nani kafa, nani katimiza siku arobaini, nani katimiza mwaka, na alijua Jumamosi ataila ngano ya kuchemshwa ya kumkumbuka nani. Kisha Stamen Grozev, meya wa kijiji, akaona kwamba kijiji kinachafuka. Akapiga marufuku nguzo na miti, akasimamisha ubao mmoja wa kioo mbele ya ofisi yake, akaufunga kwa kufuli, na ufunguo akautia mfukoni. Anayetaka kutangaza mtu wake aende akaombe.

Mincho hakwenda. Kwa Grozev asingekwenda kuomba hata moto wa kuwashia sigara.

Chanzo kilikuwa daraja. Mafuriko yalikuwa yamelichukua upande mmoja, na serikali ya kijiji ikaweka pale matofali mawili makubwa ya saruji na kibao chekundu. Grozev akasema litatengenezwa majira ya kuchipua. Majira ya kuchipua yakaja, yakapita, plamu zikaiva na kuanguka, zabibu zikavunwa. Siku moyo wa Donka ulipoanza kugoma, gari la wagonjwa lilifika mpaka kwenye kile kibao. Mincho aliliona kwa macho yake kutoka dirishani, jeupe, taa zinazunguka. Lilisimama kidogo, likageuka, likaenda kuzungukia njia ya kijiji cha pili. Lilipofika langoni dereva aliingia ndani, akatazama, akavua kofia.

Kaburi la Donka halikuwa hata limeota nyasi Grozev alipozindua chemchemi ya maji uwanjani, yenye samaki wa mawe anayetema maji. Kwa chemchemi fedha zilipatikana. Kwaya ya wanawake, ambayo Donka aliimba ndani yake tangu ujana, ilisimama mbele ya samaki yule ikaimba. Mincho alikwenda akasimama katikati ya watu na kuwaambia kwamba wao ni kuku wa Grozev, akiwarushia punje wanawika, wakati kuku kazi yake si kuwika. Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga kwake ila Gizda mwenye duka, ambaye alikuwa rafiki wa Donka na hakuwa mtu wa kususa kwa urahisi.

Binti yao Emiliya alifanya kazi Hispania, alitunza wazee wa watu wengine. Hakuweza kupata ruhusa. Alipiga simu.

"Baba, watu watakuja?"

"Watakuja wapi na hakuna anayejua?"

"Kwani hujatangaza?"

"Nimetangaza langoni. Mbuzi wameshasoma."

Emiliya akasema kwa sauti ya mama yake, "Baba, mwaka wa mtu ukipita bila watu ni kama hakuwahi kuwepo. Mama alilisha nusu ya kijiji hicho. Fanya unavyojua, lakini watu wawepo."

Hilo halikuwa jambo la kumwambia. Alilijua, na ndilo lililokuwa likimtafuna. Donka alikuwa mpishi wa shule ya chekechea miaka yote. Mtu yeyote kijijini wa chini ya miaka hamsini alikuwa ameshikiwa kijiko na Donka. Na sasa yeye Mincho achemshe ngano, aimwagie sukari na jozi, kisha akae aitazame?

Dirishani palikuwa na simu ya Donka. Emiliya alimletea siku moja alipokuja likizo, simu pana kama kipande cha sabuni, chini ya kioo imejaa vibonye vya herufi zote, kila herufi na kibonye chake, kama mashine ya chapa iliyosinyaa. Herufi zilikuwa za Kihispania, hivyo Donka alikata karatasi ndogondogo akaandika herufi zetu, zisizofanana na hizo, na kuzibandika juu. Kwa simu hiyo aliandika mchana kutwa. Aliandika huku anakoroga sufuria, aliandika mapishi, aliandika maji yamekatwa mtaa gani, alimwandikia Mincho "supu iko tayari" hali Mincho yuko bandani hatua chache tu. Mincho hakuwahi kujibu. Alikuwa anakuja tu. Baada ya mazishi Emiliya aliendelea kuilipia laini ile, akisema namba ya mama yake isije ikapewa mtu mwingine, na Mincho akaendelea kuichaji bila kujua kwa nini.

Aliitia mfukoni, akaenda dukani.

"Shemeji," alisema Gizda bila kuinua kichwa kwenye mzani, "umekuja kununua chumvi au kunitukana?"

"Chumvi ninayo."

"Basi tukana haraka, jibini yangu inayeyuka."

Mincho aliweka simu juu ya kaunta. Gizda alijifuta mikono kwenye aproni, akaichukua taratibu kama mtu anayepokea kifaranga.

"Mungu wangu. Bado inawaka?"

"Inawaka. Mimi nataka kutangaza. Grozev ana ubao wake, mimi nitakuwa na wangu. Nionyeshe."

"Wewe uandike? Wewe ambaye barua ya pensheni unaomba usomewe?"

"Nasoma mwenyewe. Siipendi tu."

Gizda alicheka, akaja upande wake wa kaunta. Alimwonyesha kibonye chenye alama ya bahasha. Simu hii, alisema, ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kuandika, si watu wa kupayuka kama wewe, ndiyo maana bahasha ina kibonye chake peke yake. Alimwonyesha jinsi mazungumzo yanavyokaa pamoja, ya mwenzio upande huu na yako upande ule, kama watu wawili kwenye benchi. Alimwonyesha taa ndogo ya kijani inayopepesa kwenye kona meseji ikiingia, ili mtu aliye na unga mikononi asiwe na haja ya kuishika simu.

"Na hapa, ukiandika mara moja, unawapelekea wote."

"Wote kina nani?"

"Wote aliokuwa nao. Kwaya, padri, yule bibi wa duka la dawa, mimi. Na tazama, hii nyingine. Unaweza kuiambia itume yenyewe kila wiki, siku unayotaka. Donka hivyo ndivyo alivyotuita mazoezini kila Alhamisi. Alikuja kuizima mwenyewe wakati wa kuvuna zabibu, hakuna aliyekuwa na muda wa kuimba." Gizda alikifuta kioo cha simu kwa aproni. "Nikuandikie nikusaidie? Sema maneno, mimi nabonyeza."

"Nitaandika nyumbani."

"Kwa kidole hicho?" Kidole cha Mincho kilikuwa kimepondwa na mnyororo wa trekta zamani za shamba la ushirika, kilikuwa kipana kama kijiko.

"Kwa kidole hiki."

Alikaa mezani karibu na dirisha asubuhi yote. Kila alipobonyeza herufi moja zilikuja mbili. Alifuta, akatukana, akaanza tena kwa ncha ya msumari wa mbao. Alifuata tangazo la langoni kama mfano. Jina hakuliandika, wala picha hakuhangaika nayo, maana kwenye tangazo jina na picha vinakuwa juu, si kazi ya mwandishi, ni kazi ya mchapishaji. Aliandika:

"Mwaka umetimia. Jumamosi baada ya kanisa njooni makaburini, halafu nyumbani. Ngano itakuwepo. Msichelewe kama kawaida yenu."

Neno la mwisho halikuwa kwenye mfano. Lilimtoka tu, kwa kuwa alikuwa bado na hasira nao. Alibonyeza palipoandikwa "wote". Simu ilifikiri kidogo, ikalia mlio mdogo, na kazi ikawa imekwisha. Mincho alijiona mtu. Alikwenda bandani kupasua kuni.

Aliporudi taa ya kijani ilikuwa inapepesa, na haikuacha.

Wa kwanza alikuwa Parashkeva, mwanamke mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya. "Yesu wangu. Donka?" Chini yake padri: "Nani anaandika?" Bibi wa duka la dawa: "Acheni utani na wafu, naita polisi." Yordana wa nyumba ya kona, mwimbaji mwingine: "Donka nitakuja, siku ya arobaini nilikuwa mgonjwa sana, usinichukulie vibaya."

Mincho alizisoma polepole, midomo ikimchezacheza. Hakuelewa. Alikuwa bado anasoma wakati lango liliposukumwa na Gizda akaingia na aproni yake, anahema.

"Umefanya nini wewe mtu? Parashkeva amekaa kwenye ngazi zake anapewa maji ya sukari!"

"Nimetangaza."

"Umetangaza kwa jina la nani?" Alimsogezea simu yake mwenyewe machoni. Juu kabisa palikuwa na picha ya Donka mwenye kitambaa cha maua, picha ambayo Mincho hakujua kwamba wengine wanayo, na pembeni yake jina, Donka. Chini ya jina, maneno yake yeye. Njooni makaburini. Msichelewe kama kawaida yenu.

"Hayo ya kuchelewa!" Gizda alipiga paja. "Hayo ndiyo maneno yake kabisa! Kila Alhamisi! Mimi mwenyewe damu imeganda, na simu nimekufundisha mimi!"

"Kwenye tangazo jina linakuwa juu," alisema Mincho. "Nikajua simu inajua ni ya nani."

"Inajua. Ndiyo balaa lenyewe. Sasa kaa hapo, tuma nyingine, sema ni wewe. Upesi, kabla hatujapata maiti wa pili."

Alikwenda zake, duka alikuwa ameliacha wazi. Mincho alikaa. Aliandika neno moja, "Huyu", kisha akaacha.

Alikuwa ameliona jambo. Wakidhani ni Donka, watakuja. Hakuna kijijini mtu ambaye angeitwa makaburini na Donka akabaki nyumbani kutazama televisheni. Wangekuja wote, kwa woga au kwa haya, wangejaza ua, na Emiliya angeambiwa watu walikuwepo. Lakini wakijua ni Mincho, aje nani kwa Mincho? Waje kuku? Simu ilikuwa mkononi, na kinachotakiwa ni kutofanya kitu. Kutofanya kitu ni rahisi. Ofisi nzima ya Grozev inaishi kwa kazi hiyo.

Taa ikapepesa. Meseji mpya ilitoka kwa mtu ambaye Mincho hakujua kwamba yumo humo. "Nitafika, mama Donka. S. Grozev."

Mincho aliisoma, akairudia. Mama Donka. Ndivyo watoto wa chekechea walivyomwita. Na nitafika. Mtu huyu alikuwa amewaahidi walio hai mpaka wamechoka, sasa ameanza kuwaahidi wafu. Alipanda juu kwa kidole akasoma tena ya Yordana. Mgonjwa sana. Siku ya arobaini Yordana hakuwa mgonjwa, alikuwa anafanya mazoezi ya wimbo wa chemchemi, dirisha wazi, alisikika mpaka mtoni. Alikuwa anamdanganya Donka. Wote walikuwa wanajipanga mstari kumdanganya, na aliyewafungulia lango ni yeye, mumewe.

Akachukua ule msumari wa mbao, akaandika:

"Huyu ni Mincho. Donka amekufa mnajua wenyewe. Nilikosea. Lakini Jumamosi ni kweli. Njooni kwa ajili yake, si yangu."

Akabonyeza tena "wote".

Baada ya hapo taa ya kijani haikupepesa tena. Haikupepesa siku ile, wala kesho yake. Ijumaa Mincho alichemsha ngano, mara ya kwanza maishani mwake, maji yakazidi, ikawa laini kuliko inavyotakiwa. Alikaanga unga, akaponda jozi, akamwaga sukari laini juu na kuchora msalaba kwa mgongo wa kijiko kama alivyomwona Donka akiwachorea marehemu wengine. Alipika sufuria kubwa. Alipomaliza aliitazama na kujiita mjinga kwa sauti.

Jumamosi kanisani alikuwepo yeye, Gizda na padri, na padri alikuwa kazini. Makaburini walikuwa haohao. Padri alisoma, Gizda akawasha mshumaa, Mincho akamwaga divai chini kwa mduara. Upepo uliuzima mshumaa, Gizda akauwasha tena. Kisha wakashuka, padri akaaga kwamba ana ubatizo, na Mincho akafungua sufuria yake kwenye meza ya uani, vikombe vya plastiki vimepangwa pembeni kama askari wasio na vita.

"Watakuja," alisema Gizda.

"Wewe kula."

"Watakuja, shemeji. Lini hawa waliwahi kufika mahali kwa wakati?"

Walisikika kabla ya kuonekana. Wanawake wa kwaya walikuja kwa pamoja, wakibishana njia nzima, vitambaa vyeusi vichwani, wamebeba mkate na chupa. Parashkeva alikuwa mbele. Aliingia, akasimama mbele ya Mincho, mkono kiunoni.

"Ulisema tusichelewe. Tumechelewa."

"Naona."

"Meseji yako ya kwanza ilinitoa roho. Ya pili ikanirudishia hasira. Nikasema siwezi kukaa nyumbani na hasira yote hii, lazima niende nikamseme usoni."

"Sema."

"Kuku ni mkeo?" alianza Parashkeva, kisha akatambua alichosema, akajifunika mdomo. Yordana alikuwa wa kwanza kucheka. Mincho alitazama chini. Kisha akachota ngano, akajaza kikombe mpaka juu, akampa. Parashkeva alionja, akatafuna, akasema kama inavyotakiwa, "Mungu amsamehe." Kisha akaongeza, "Hii si ngano, Mincho, hii ni uji."

"Maji yalizidi."

"Donka angekupiga na mwiko."

"Angenipiga."

Wakala. Wakaja na wengine, majirani, mwanamke wa posta, vijana wawili ambao Mincho hakuwafahamu lakini Donka alikuwa amewalisha. Yule bibi wa duka la dawa alikuja pia, akasema polisi hakuwaita. Yordana alimsogelea Mincho pembeni akasema kwa sauti ndogo kwamba siku ya arobaini hakuwa mgonjwa. Mincho alisema anajua, alimsikia.

Grozev alifika mwisho, kwa miguu. Hakuingia. Alisimama nje akisoma tangazo la langoni, kile kipande ambacho mbuzi walikuwa wamekibakiza. Uani watu wakageuka kumtazama, mmoja baada ya mwingine.

"Mzee Mincho," alisema, "ungeniambia tu nikupe ufunguo."

"Ungeuacha mti wazi, nisingehitaji ufunguo."

Ngano ya mwaka haimwulizi mtu jina. Anayenyoosha mkono anapewa, na mwenye nyumba akimnyima mtu basi amemnyima marehemu. Mincho alilijua hilo, na Grozev alijua kwamba Mincho analijua. Mkono ulinyooshwa juu ya lango. Mincho alichota. Hakujaza mpaka juu, lakini hakupunguza pia.

"Mungu amsamehe mama Donka," alisema Grozev, na macho yake hayakupata pa kukaa.

"Yeye mtu wa kusamehewa makubwa hakuwa. Daraja lini?"

Vijiko vikasimama.

"Majira ya kuchipua, mzee Mincho. Safari hii kweli. Fedha ziko njiani."

"Zinapita wapi? Daraja si limevunjika?"

Kicheko kilianzia kwa Parashkeva kikazunguka meza nzima. Grozev alijaribu kucheka nao, akashindwa, akala ngano yake yote mpaka chini, akaweka kikombe juu ya nguzo ya lango na kwenda zake.

Emiliya alipopiga simu jioni ile, Mincho alimwambia watu walikuwepo. Akamwambia ngano iliisha. Emiliya alitaka majina, mmoja mmoja, na Mincho akampa, hata la mwisho.

Jumatatu, kabla duka halijapata wateja, alimwekea Gizda simu mezani tena.

"Ile ya kutuma yenyewe kila wiki. Nionyeshe tena."

"Unamwita nani mazoezini?"

Mincho aliandika kwa msumari wake wa mbao, mkono mmoja ukiuficha mwingine kama mwanafunzi. Gizda alivuta mkono akasoma. Ilikuwa meseji ya kwenda kwa Grozev, kila Jumatatu asubuhi, neno moja: "Daraja?"

"Anajua kwamba ni wewe, shemeji. Umeshawaambia wote."

"Anajua. Lakini kila Jumatatu atamwona Donka kwanza."

Gizda alimtazama kidogo, kisha akamwonyesha mahali pa kubonyeza. "Na jina lako huweki?"

"Jina liko juu," alisema Mincho. Akairudisha simu nyumbani, akaiweka pale pale dirishani, panapoonekana kile kibao chekundu.